Wambura wa Kiangazi

Kwetu mtoto akizaliwa mvua ikinyesha anaitwa Wambura. Juzi kina Wambura maarufu tulikutana Bunda, kila mmoja aseme jambo lake lisilojulikana. Mimi, mwimbaji wa harusi, nikasema naogopaga maiki. Golikipa wa timu ya Buhare akasema anaogopa mpira.

Ikafika zamu ya mwenyekiti wetu, mtangazaji wa redio. Mama yake, Rhobi, aliyekuja naye, akamuwahi. "Huyu nilimzaa kiangazi. Jirani alikuwa anaosha pikipiki, maji yakapiga dirisha, nikadhani mvua."

Nikawaka. Hatuwezi kuongozwa na Wambura wa pikipiki. Tukabishana weee, mwisho tukapitisha kwamba masika yakianza azaliwe upya.

Mama Rhobi akachukua mkoba wake. "Basi mtafuteni wa kumzaa. Mimi nilishamaliza."