Taa ya Betri ya Ndege

...na viazi vyenyewe vimeoza katikati, anamenya na kutupa, anamenya na kutupa, ndipo binti yake akaingia jikoni na grisi hadi viwikoni, "Mama, baba kazing'oa magneto zote mbili za ndege!", anasema kama analeta habari njema, zote mbili, na walikubaliana hapa hapa mezani ibaki moja, maana magneto haiombi kitu, injini ikizunguka inajitengenezea cheche yenyewe, betri iwepo isiwepo, lakini hiyo ya elektroniki aliyofunga badala yake, bila betri haitoi hata cheche... "Inawaka kirahisi, mafuta inalamba tu, wewe bado uko enzi za koroboi," mume huyo mlangoni, ameikumbatia betri ya ndege kama mtoto mchanga, kwa sababu umeme umekatika, na umeme ukikatika betri hushushwa kwenye ndege, ndivyo walivyoishi tangu waoane, taa ya jikoni, redio ya mama mkwe, na asubuhi mume anazungusha propela kwa mkono, injini inanguruma, anaruka na vifurushi vya watu na betri imekufa kabisa, anarudi anacheka... anarudi, kila mara amerudi, chumvi, ametia chumvi au hajatia, "Mkwe wangu, mbona redio inakoroma?", altaneta ya kuichaji betri nayo inalegalega tangu mvua zianze, nani alijali, magneto hazikujali, na kesho binti anapanda naye kwa mara ya kwanza, juu ya ule msitu usio na pa kutua, cheche zote zikitegemea kitu hiki hiki kilichokaa chini ya meza, kinachonyonywa sasa hivi kwa ajili ya viazi, na fundi mzima hakuliona hilo, alikagua kila waya akasahau desturi ya nyumba yake, "Baba, betri hii kesho itatosha?", "Itajichaji huko huko juu," huko juu, sufuria inafurika, akaepua, akapakua, mama mkwe, mume, binti, wote wapo, na taa imekuwa ya manjano, akainama akachomoa waya, redio ikakatika katikati ya neno, "He! Mama, una nini?", binti huyo, "Kuleni, na kesho harushwi mtu," giza tupu, akawahesabu upya kwa mlio wa vijiko, cha mama mkwe, cha mume, kisha kimya, kimya, akatega sikio hadi cha binti kilipogonga sahani.