Jina Upande wa Kulia

Amoit alikuwa amepiga magoti juu ya tairi la tatu, mapovu ya sabuni yakimchuruzika hadi viwikoni, alipogundua kwamba aliyeyapaka rangi matairi yale hakuwahi kufunga hata moja maishani mwake. Yalikuwa matairi arobaini ya mbele, zawadi ya mheshimiwa kwa bodaboda wa Busia, na jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe upande mmoja tu. Ukifuata mshale wa kiwandani, ule unaoonyesha gurudumu lizunguke kwenda wapi, jina linaangukia kushoto. Hema la wageni lilikuwa kulia mwa njia ambayo bodaboda wangepita siku hiyo ya sherehe.

"Geuza," alisema Swabur, mwenyekiti wa steji, kituo chao cha kungojea abiria. "Jina ionekane."

"Mwenyekiti, mshale natazama nyuma. Hii mifereji ya kutoa maji nakuwa kinyume. Mvua ikinyesha, mtu nateleza."

"Leo iko mvua?"

"Basi hamisha hema. Weka upande ile ingine."

"Upande ile iko jua. Mheshimiwa apigwe na jua?"

Bodaboda wakacheka. Amoit hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja akifunga matairi chini ya bati lile la pale steji, na watu walitoka mpaka Dabani kumfuata, wala si kwa ajili ya sura yake. Nukta ya tairi, ile inayoonyesha upande wake mwepesi, aliiweka mkabala na vali. Akishajaza upepo, aliliinua gurudumu kwenye ekseli, akalizungusha taratibu, akangoja upande mzito ushuke wenyewe, ndipo akafunga kipande cha risasi, madini mazito ya kusawazisha, kwenye spoki ya juu. Alirudia mpaka gurudumu lisimame popote. Mafundi wenzake walimwita mganga.

"Risasi usiweke," Swabur akaongeza. "Naharibu picha, na saa naisha. Kama hutaki, sema. Hii nafasi yako watu wengi nataka."

Wa nane kwenye foleni alikuwa Obore, mdogo wake wa tumbo moja. "Dada, funga tu," alisema. "Sherehe ikiisha utanigeuzia."

Mwenye nguvu mpishe. Amoit akafunga yote arobaini kinyume.

Mheshimiwa alikuja, akapunga mkono kivulini, akaenda zake. Alasiri ile Amoit alikuwa na gurudumu la Obore mapajani Swabur alipofika tena.

"Hakuna kugeuza mpaka kura ipite. Anayeficha jina atafute steji ingine."

Obore alitazama chini. Alikuwa na watoto watatu, na steji nyingine hakuwa nayo. Mwenyekiti alipogeuka, Amoit alifunga kipande kimoja cha risasi kwenye spoki, haraka haraka. Hicho tu ndicho alichoweza kumfanyia ndugu yake kwa siri.

Mvua ilinyesha siku ya nne. Obore alikuwa akirudi kutoka Tororo bila abiria, ng'ombe akaingia barabarani karibu na Sikuda, naye akashika breki. Gurudumu la mbele likamtoka kama sabuni. Alilazwa hospitalini, na tangu alipopiga kichwa kwenye lami hakuwa ameamka.

Polisi aliyemkalisha Amoit kituoni kumhoji juu ya ajali ile hakuwa mkali. Alimwomba aeleze jinsi tairi la pikipiki linavyofungwa sawasawa, na kwa mara ya kwanza wiki ile mtu alimsikiliza mpaka mwisho. Akaeleza mshale, mifereji, nukta, vali, risasi. Polisi aliandika kila neno. Amoit akamtaja Swabur, na kalamu ikasimama. Akataja hema na jua. Kalamu haikusogea.

"Hiyo siasa, mama. Mimi naandika tairi. Sasa niambie, ulijua mshale ilikuwa natazama nyuma?"

"Nilijua. Na nilisema!"

"Ulijua," polisi alirudia, akaandika. "Fundi mwingine angesema hajui, tungemwachia aende. Wewe umeeleza vizuri kabisa."

Amoit aliuliza tu kama anaweza kwenda kumwona ndugu yake kwanza.

"Leo wodi imefungwa kwa watu. Iko mgeni."

Nje honi zikaanza kulia. Kwa dirisha aliwaona bodaboda wa steji yake, pikipiki thelathini na tisa, zikilisindikiza gari la mheshimiwa kwenda hospitalini kumpa pole Obore. Manyunyu yalikuwa yameanza, nao walikuwa wanakwenda mbio.

"Vua viatu, mama," alisema polisi, akichukua funguo za mahabusu ukutani.