Kifua cha Alois

"Usinitazame kama mtakatifu wa kanisani, Hynek! Wewe ndiye unayemmaliza!"

Růžena alikuwa mlangoni kwake, kwenye baraza la ghorofa ya tatu, kitambaa cha kudekia kikimchuruzika mkononi.

"Mwongozaji anasema picha imetoka vizuri, wote studio wanasema vizuri. Halafu bwana fundi wa sauti anatikisa kichwa, na mume wangu anapandishwa ngazi upya!"

"Kamera ilinguruma, Bi Růžena, ikaingia kwenye sauti."

"Kamera, kamera! Ioe basi hiyo kamera!"

Mtaa wa Žižkov haukosi masikio. Madirisha ya uani yalishafunguliwa yote, na muuza bia wa chini alishapata pa kuegemea. Hynek angemjibu, lakini nyuma ya bega la Růžena alisimama mumewe, Alois mwenyewe, kidole juu ya midomo kumwomba anyamaze. Hynek akameza maneno, akaingia kwake kama mwizi.

Kamera haikuwa na kosa. Prague nzima ilimjua Alois kwa filamu za kimya, na sasa ndiyo kwanza angesikika. Alicheza mhudumu wa hoteli anayepanda ngazi mbio na bata bukini wa kuokwa, huku akimsengenya mwenye hoteli. Kila alipofika juu, Hynek alisikia kwenye hedifoni kifua kikipiga filimbi chini ya maneno.

"Ukisema, nafasi yangu wanampa yule nguruwe Kvapil," Alois alimwambia siku ya kwanza, chooni mwa studio. "Na Růžena asijue kabisa. Kifua ndicho kilichomuua babake."

Hynek akaapa. Kwa kutaka kumsitiri, akawa anakataa kila picha iliyopigwa, akitumaini inayofuata itatoka safi. Inayofuata ikatoka mbaya zaidi.

Asubuhi baada ya ugomvi ule, ngazi zilikuwa zilezile. Watu wa taa waliuma kofia zao, maana cheko moja tu lingeharibu kazi. Alois akapanda, akasengenya, akafika. Filimbi ikaja masikioni mwa Hynek, ndefu, yenye majimaji. Mwongozaji akageuka kumtazama. Alois naye alimtazama, ameng'ang'ania reli, midomo ya buluu, anatabasamu.

Hynek akainua mkono: imefaa.

Alois alizikwa kabla filamu haijatoka.

Siku ya kuonyeshwa, ukumbi ulifurika, majirani wa uani wakiwamo. Mhudumu alipofika juu na bukini wake, ile filimbi ikasikika, watu wakaangua kicheko wakidhani ni mzaha. Mmoja wa nyuma akaiiga, wakacheka upya. Růžena, kitambaa cheusi kichwani, hakugeuka.

Alimngoja Hynek barazani. Madirisha yakaanza kufunguka.

"Ulikuwa unaisikia."

"Nilikuwa naisikia."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Aliniapisha. Nikawa namrudisha, nikidhani..."

"Nyamaza." Akafumba macho. "Mimi nalala naye kitanda kimoja, ananiambia ni baridi tu. Namsugua mafuta, halafu natoka nje kumtukana jirani."

Hynek akavua kofia.

"Umekula?" Růžena akauliza.

"Bado."

Růžena akasukuma mlango kwa bega. "Kuna supu ya kabichi. Ingia ule. Hawa wa madirishani wameshacheka vya kutosha leo."