Mlio wa Tatu

Wimbo uliowapa sifa zamani uliitwa "Mutanu", na Mutanu mwenyewe hakuwahi kuusikia ukipigwa mbele yake. Enzi hizo bendi ilipiga kwenye mabaa, naye alikuwa nyumbani Masii na watoto, akimsikia Festus, mwimbaji wa bendi, akimwita redioni kama jirani mwenye shida. Aliyeutunga ni mumewe, Munyao. Sauti ya kuimba hakujaliwa. Alikuwa na vidole tu. Festus akiita "Mu-ta-nu", gita la Munyao linajibu mara tatu, mlio mmoja kwa kila silabi.

Bendi ilivunjika, miaka ikayoyoma, Festus akaokoka na kufungua kanisa. Juzi akawaita wenzake wapige tena, mchana kweupe, kwenye uwanja wa kanisa lake. Munyao alifurahi hadi akamwahidi mkewe, "Mama Mbithe, Jumamosi utaitwa mbele ya watu wote." Mutanu akashonesha kitenge.

Kwenye mazoezi Festus hakuimba. "Niko na sauti moja tu, naiwekea Jumamosi," alisema, na hakuna aliyeshuku. Shida yao kubwa ilikuwa Nzioka wa ngoma, ambaye siku hizi alipiga kama anayepukuchua mahindi.

Siku ilipofika, Mutanu alikaa kiti cha mbele kabisa. Wimbo ukaanza, tena vizuri kuliko walivyostahili. Festus akafumba macho, akaita:

"Yesu!"

Gita likajibu mara tatu. Milio miwili ilipata pa kukaa; wa tatu ukabaki ukining'inia. Waumini walidhani mzee amekosea, wakamwonea huruma, wakazidisha makofi. Mutanu naye alipiga, ila macho yake yalikuwa kwenye vidole vya mumewe, na kila mlio wa tatu ulipotoka aliinamisha kichwa kidogo, kama anayeitika.

Kabla ya ubeti wa pili Festus alimwinamia Munyao huku bado anatabasamu. "Ndugu, hiyo ya tatu toa. Jina la Bwana liko na mbili tu."

Munyao angeweza kukataa. Gita lilikuwa lake, wimbo wake, mke wake. Lakini tangu ujana wao Festus alipoita yeye alifuata, na vidole vilikuwa vimezoea.

"Yesu!"

Gita likajibu mara mbili, safi kabisa.

Uwanja ukashangilia. Mutanu alisubiri kidogo, kisha akaacha kupiga makofi, akaokota mkoba wake chini ya kiti.