Msukumo wa Mama Nelvine

Karani Kipsang alichota majani kutoka gunia la Rodah, akayavunja kwa vidole, kisha akamwaga gunia zima kwenye sakafu ya kituo cha kununulia chai.

"Mama Nelvine, hii majani ni ngumu. Chagua upya."

Rodah alipiga magoti akachagua, foleni nzima ya wakulima wa Kapsoit ikimtazama. Majani yale aliyajua. Alikuwa ameyachuma mwenyewe, mbio mbio, asichelewe mazoezi ya kwaya. Hata hivyo, alipofika shambani alimwendea Bochaberi, mchumaji wake, akamsukuma kifuani mbele ya wenzake.

"Umeniaibisha."

Bochaberi aliangukia chai. Mche uliompokea uliinama, ukausukuma wa pili, kisha ukasimama kama mwanzo. Wa pili ukausukuma wa tatu. Msukumo uliteremka hadi mtoni, ukapanda ng'ambo, na hakuna mche uliotoka mahali pake. Kituoni uliingia kwenye foleni. Mzee Johana aliyumba akamgonga Janeffer, naye Janeffer akamgonga aliyekuwa mbele yake. Kila aliyepitiwa alijua mkono ule ni wa nani, na majani magumu aliyachuma nani. Wote waliinamisha macho, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameupokea akaupitisha. Ulipofika kwenye mikaratusi ya mpakani uligeuka, ukaanza kurudi.

Tangu siku hiyo huenda na kurudi, wala haupungui. Watu wakiona chai ya ng'ambo inainama, huweka vikombe chini na kushika ndoo za maziwa, ukipita wanaendelea na kazi.

"Mwambie tu pole," Janeffer alimshauri Rodah baada ya kanisa. "Labda itatulia."

"Nitamwambia."

Alikusudia kweli. Aibu ilikuwa imemnyima usingizi. Asubuhi alishuka shambani, akamkuta Bochaberi amelaza ufito wake mrefu juu ya miche ili aone machipukizi yaliyofaa kuchumwa.

"Bochaberi."

"Ndio, Mama Nelvine."

Bochaberi aliacha kuchuma, akangoja. Miche ya chini ikaanza kuinama. Ufito ukapanda, ukashuka palepale. Msukumo ukampata Rodah kifuani, akarudi nyuma hatua moja. Uso ulimwaka kwa aibu, na neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Leo kuko na upepo," alisema.

"Ndio, Mama."

Bochaberi akaunyoosha ufito, akaendelea kuchuma.