Nyeupe ya Unga

"Masele, hii ni nyeupe gani?" Bi Veneranda alisimama mlangoni mwa sebule yake, hapo Isevya, kanga kaikaza kiunoni.

"Nyeupe ya unga, mama. Kama ulivyosema kwenye simu."

"Unga gani?"

"Wa muhogo."

"Nani kakwambia muhogo? Humu tunakula sembe. Nyie watu wa Lusu mkisikia unga mnawaza makopa tu."

Masele alizitazama kuta. Zilikuwa zimekauka, na kweli, zilikuwa na weusi wa mbali kama unga wa makopa, muhogo uliokaushwa. Kwao unga ni huo. Miaka ishirini na mbili ya kupaka rangi, leo neno moja limemwangusha.

"Kesho saa sita mzee anarudi kutoka hospitali ya Kitete," alisema Bi Veneranda. Mumewe, Mzee Hilari, alikuwa ametolewa mtoto wa jicho upande wa kulia. La kushoto alilikatalia. Moja linamtosha, alisema, atazikwa nalo. "Nataka aone weupe kwa jicho jipya, kisha atazame kwa lile la zamani, ajue anachokosa. Akikuta majivu haya atasema kapasuliwa bure, na hospitali harudi tena. Niache nitafute fundi mwingine."

"Hutafuti fundi. Kesho saa sita kazi itakuwa imeisha."

"Basi paka nyeupe pe. Ya kwenye ndoo, usitie kitu."

Masele alijua pe haitafaa, lakini mtu haambiwi rangi, anaonyeshwa. Akapaka kipande cha upana wa mlango, wakangoja kikauke. Saa tisa jua likaingia dirishani na kupiga sakafu, ile sakafu nyekundu iliyosuguliwa nta tangu nyumba ijengwe. Wekundu ukapanda ukutani. Kile kipande kikawa kama ufizi.

Bi Veneranda akamgeukia Masele. "Sasa?"

"Nipe sahani tatu. Moja sembe, moja dona, ya tatu uchanganye. Sembe nyingi, dona kiganja kimoja."

Masele akazishika sahani karibu na ukuta moja moja, akiziinamisha kidogo, palepale kwenye jua. Sembe iliona haya, ikawa nyekundu. Dona ilikuwa kama meno ya mvuta tumbaku. Ya tatu ilibaki nyeupe.

"Hiyo," alisema Bi Veneranda.

Masele akachuchumaa na ndoo, akatia rangi ya manjano tone kwa tone, akikoroga na kulinganisha na sahani ya tatu mpaka akashindwa kutofautisha rangi na unga.

"Dari liache lilivyo, ni jeupe tayari," alisema Bi Veneranda.

"Dari likiwa pe, ukuta utaonekana mchafu. Nalitia rangi hiihii, manjano nusu. Pe ikae kwenye fremu za madirisha. Dari lako ndilo lililofanya muhogo wangu uonekane majivu."

"Muhogo wako ulikuwa majivu wenyewe, usisingizie dari."

Alipaka mpaka jua likazama. Alfajiri alirudi akapaka mkono wa pili, mgongo ukimuuma, hakukaa hata kunywa chai. Saa sita kasoro alikuwa anafuta matone sakafuni, Mzee Hilari akaingia ameshikwa mkono na binti yake, Advera.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi."

Mzee akasimama katikati ya sebule. Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama ukuta, akapandisha macho darini, akarudi dirishani. Kisha akaziba la kulia. Akarudia tena, taratibu, kama mtu anayepima nguo dukani. Bi Veneranda alikuwa kaushika upindo wa kanga.

"Mama Advera," alisema mzee. "Kwa jicho hili ukuta ni sembe. Kwa hili la zamani ni dona."

"Na ukweli ni upi?"

Mzee akamgeukia Masele. "Fundi, umepaka nini?"

"Sembe, mzee. Dona ni kiganja tu."

Mzee Hilari akavuta kiti, akaketi akiukabili ukuta.

"Jumatatu mnirudishe Kitete," alisema. "Sasa nipeni chakula. Na usiwe ugali wa muhogo."