Simu ya Bwana Kimya

Saa nne asubuhi waziri aliketi studioni, akaisogelea maikrofoni, akasema bila kupepesa macho: "Kile kilima cha ng'ambo ya mto ni chetu tangu enzi za mababu. Na katika vita ile, askari wetu hawakumgusa raia hata mmoja. Hizo ni porojo za majirani."

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alifungua simu za wasikilizaji. Miaka kumi na moja kazini ilimfundisha kwamba maneno ya wakubwa huingia sikio hili yakatokea lile. Msikilizaji wa kwanza alisifu. Wa pili akasifu kupita kiasi. Wa tatu alianza kwa kukohoa, na kikohozi hicho kikamkata fundi maini. Alikuwa baba yake.

Mzee yule alikuwa mshonaji, askari wa zamani. Mtaani walimwita Bwana Kimya. Kuhusu vita hakuwahi kutamka neno. Hata mkewe aliingia kaburini bila kulisikia. Ukimuuliza, atakujibu, "Nipe huo mkasi."

"Mheshimiwa," alisema, "mwaka ule wewe ulikuwa bado unanyonya. Mimi nilikuwa juu ya kilima hicho."

Waziri akacheka. "Karibu mzee wetu, wasimulie!"

"Tuliambiwa kuna adui. Tukapiga kwanza, tukatazama baadaye. Ilikuwa shule. Nilizika watu ishirini na sita kwa mikono hii. Mwalimu wao alikuwa bado ameshika chaki, na ubaoni palikuwa na lugha yao, si yetu. Usiniambie kilima ni chetu. Najua tulikitwaa kwa nani."

Mhariri wa kipindi aligonga kioo kwa ngumi: kata, kata! Kidole cha fundi kilikuwa juu ya kitufe. Hakikushuka. Alikuwa kama mtu aliyelala miaka yote chini ya mlima, leo akauona ukinyanyuka na kutembea.

Taa za simu zikawaka zote kwa pamoja.

"Nilikuwa naye," ilisema sauti nyingine ya kizee. "Ila walikuwa ishirini na saba, ndugu yangu. Mmoja nilimzika mimi, kando ya kisima."

Aliyefuata alilia tu mpaka simu ikakatika.

Kabla ya adhuhuri fundi aliambiwa aende nyumbani, akae mpaka atakapoitwa. Waziri naye, kesho yake, alidai amenukuliwa vibaya.

Mchana ule ule wa kipindi, fundi alimkuta baba yake mbele ya cherehani iliyosimama, mikono magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulinijua?"

"Kwa kikohozi."

"Na hukukata."

"Sikukata."

Fundi alikuwa na maswali mia. Alimtazama mtu huyu aliyemsuka nywele utotoni, akaona kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Mzee alisogeza vitambaa, akampa nafasi kwenye benchi.

"Kaa, mwanangu. Nitaanza na yule mwalimu. Alikuwa mwanamke kama wewe, wa umri wako huu."